Mgomba Uliozikwa Keringet

Mimi ni mtu wa udongo. Nikisema hivyo mjini Nakuru, watu hudhani nauza miche ya maua au nafinyanga vyungu. Kazi yangu ni kuingia katika mashamba ya watu, kutoboa ardhi, kuangalia kilicho chini, kisha kuandika kama ardhi hiyo inafaa kulimwa, inafaa kulishia ng'ombe tu, au haifai kitu ila miti ya kuni. Nimeifanya tangu nilipokuwa na magoti mazuri. Si kazi ya mtu mpole: mvua inakunyeshea, mbwa wanakukimbiza, na kila mwenye shamba anaamini umetumwa kumwibia. Mimi pia sikuzaliwa mpole, kwa hivyo tumeelewana, kazi na mimi.

Mwaka huo nilipelekwa juu, upande wa Keringet, mahali palipopendekezwa kuchimbwa udongo mweupe ule unaotiwa kwenye rangi na vigae. Machimbo yenyewe yangekaa kwenye kilima kisichokuwa na watu. Tatizo lilikuwa kifusi. Ukichimba kilima, lazima uwe na mahali pa kumwaga kile usichokihitaji, na lundo hilo linaweza kumeza mashamba mengi. Kulikuwa na sehemu mbili za kuchagua. Moja ilikuwa ukingo wa viazi, mgongo wa ardhi uliojaa mashamba, karibu na barabara. Ya pili ilikuwa ng'ambo ya kijito, mteremko wa mawe matupu ambao ungehitaji daraja na barabara mpya. Wenye mradi walikuwa wamekubali kwamba kifusi kitamwagwa penye ardhi duni zaidi, na mimi ndiye niliyepaswa kusema ni wapi.

Katikati ya ule ukingo wa viazi aliishi mama mmoja mjane. Kila mtu alimwita Shosho, yaani bibi, nami nikamwita hivyo hivyo, ingawa sikuwa mdogo sana kwake. Alizaliwa upande wa joto, kunakoota migomba, akaolewa huku juu ambako mgomba hufa kwa baridi kabla haujajua umepandwa. Alikuwa mwembamba, mrefu, na koti la marehemu mumewe lilimfika magotini. Siku ya kwanza alinipa chai kabla hajaniuliza jina. Kisha akaniuliza swali moja tu.

"Wakileta hiyo kifusi yao hapa, mzee wangu ataenda wapi?"

Mumewe alizikwa kwenye kona ya shamba. Nilimwambia kwamba mimi napima udongo tu, na kwamba kama ardhi yake ni nzuri, itajisemea yenyewe. Nilidhani nimemjibu vizuri. Alinitazama kama mtu aliyeuliza bei ya viazi akajibiwa habari za hali ya hewa.

"Basi toboa," akasema. "Toboa kila mahali. Utaona."

Nikatoboa. Tunatumia oga, yaani chuma kirefu chenye mpini wa kuzungusha, kinachoshuka na kurudi na udongo mdomoni. Mvua ndefu zilikuwa zimeanza, trekta lilikuwa limeshalima, na udongo wa juu ulikuwa mweusi na laini. Lakini kila nilipozungusha, kiasi cha shibiri moja hivi, oga ilikwama. Nikasogea kulia, ikakwama. Nikaenda shamba la jirani, ikakwama vilevile. Dereva wangu, ambaye huwa anakuja na buti zake mwenyewe kwa sababu anajua nitamfanyisha kazi, alijaribu kwa nguvu zake zote hadi mpini ukapinda.

"Madam, hii ni mwamba," akasema. "Hapa tunapoteza time."

Sikujua kama ni mwamba, au murramu, ile changarawe nyekundu ya barabarani, au kitu kingine. Oga haiwezi kukuambia. Ili ujue, lazima uchimbe shimo kubwa, uingie mwenyewe, utazame ukuta wake kwa macho na uukwangue kwa kisu. Shimo la namna hiyo lina umbo lake: refu kuliko upana, ili mtu ashuke, ainame na kusimama mbali kidogo na ukuta anaousoma. Mahali pa kulichimba palikuwa pameshawekwa alama kwenye ramani ofisini. Alama iliangukia pembeni mwa shamba la Shosho, karibu na kichaka cha maua.

Siku hiyo Shosho alikuwa ameenda kwenye mkutano wa chama chao cha akina mama. Nikaajiri vijana wawili wa pale, wakaanza kuchimba. Niliwaambia wafanye ninavyowaambia watu wote: udongo mweusi wa juu upande huu, udongo wa chini upande ule, na usichanganywe. Juu waliteseka sana, wakapiga sururu wakitoa jasho kwenye baridi ile. Walipokuwa wakimalizia, ukungu ulishuka na mvua ikafuata, ile mvua ya huko juu inayokuja kwa pembeni. Sikuona hata ukuta mmoja. Tukafunika shimo kwa karatasi ya plastiki, tukaweka mawe pembeni, tukashuka Molo kulala. Nilienda kitandani na soksi mbili kila mguu, nikiwa na furaha ya mtu aliyeachiwa zawadi ya kufungua kesho.

Asubuhi tukarudi. Hapakuwa na shimo.

Palikuwa na mstatili wa udongo uliosawazishwa vizuri, umepigwapigwa kwa jembe, na Shosho amesimama kando yake ndani ya koti la marehemu. Nilihisi damu ikinipanda kichwani.

"Nani amefukia shimo langu?"

"Ni mimi. Na si shimo yako. Ni kwa shamba yangu."

"Shosho, ulinikubalia mwenyewe! Ulisema toboa!"

"Kutoboa nilikubali. Hii si kutoboa. Hii umechimba kaburi."

Nikaanza kumweleza kazi ya shimo, sauti juu, mikono ikipunga. Akaniacha nimalize. Kisha akanishika mkono, akanipeleka hadi kile kichaka cha maua, akayasukuma kando. Kulikuwa na msalaba mdogo wa mbao. Nilikuwa nimechimba hatua chache tu kutoka kwa mumewe, upande wake wa kulia, mahali alipokuwa ameahidiwa kulala yeye siku yake ikifika.

"Shimo ya urefu wa mtu," akasema, "upana wa mtu, kando ya mzee wangu, mahali pangu. Halafu imekaa wazi, haina mtu. Kwetu kaburi ikichimbwa na ikose mwenyewe, inaanza kuita. Sasa hapa kwangu ingeita nani, kama si mimi?"

Hasira yangu iliisha hapohapo, nikabaki na aibu tu. Kwao Shosho, kaburi lililochimbwa bila maiti huzikwa mgomba, ili ardhi ipewe kitu na inyamaze. Alipoliona shimo jioni, alimpigia simu mwanawe, fundi wa kuziba magurudumu kule Salgaa. Mwanawe akakata mgomba nyuma ya hoteli moja, akampa dereva wa lori lililokuwa likipanda alfajiri kuchukua viazi. Kulipokucha mgomba ulifika, ukiwa umelala peke yake nyuma ya lori tupu. Wale vijana wangu wawili wakaitwa, wakauteremsha, wakaufukia. Na kwa kuwa nilikuwa nimewapigia kelele mchana kutwa juu ya udongo mweusi na udongo wa chini, waliurudisha kwa mpangilio, wa chini chini, mweusi juu.

"Madam," dereva wangu alininong'oneza, "hiyo mgomba imezikwa na heshima zote. Ilikosa tu maombi."

"Maombi niliomba," akasema Shosho, ambaye masikio yake hayakuwa na umri wowote.

Nilimwomba anipe mahali pengine nichimbe tena. Akakataa. Nikaenda kwa jirani, akakataa. Habari ilikuwa imeshapita ukingo mzima kwamba kuna mwanamke wa Nakuru anayewachimbia watu makaburi wakiwa hai. Hakuna aliyenitukana, kila nyumba nilipewa chai, na kila nyumba nikaambiwa hapana.

Nikarudi Nakuru na matobo mafupi tu. Nikaandika rasimu kama matobo yalivyosema: udongo mfupi, tabaka gumu karibu na uso, mizizi haina pa kushuka, ardhi ya kulishia mifugo. Niliongeza kwamba lazima shimo lichimbwe kabla ya neno la mwisho. Kiongozi wetu wa mradi, mwanamume mwenye haraka lakini si mwenye roho mbaya, alisoma na kusema, "Sawa, lakini ramani lazima ichorwe." Ramani ikachorwa. Lundo la kifusi likakaa juu ya ukingo wa viazi, limepakwa rangi ya kijivu, na ndani ya kijivu hicho alikuwemo mzee wa Shosho. Nilikuwa nikiitazama ile ramani ukutani kila asubuhi na kujisikia vibaya. Nilikuwa sijawahi kuiweka sahihi yangu chini ya ardhi ambayo sijaiona ndani.

Miezi ikapita. Mvua, iliyoanza kwa mbwembwe, ilikatika katikati ya msimu. Kisha tukaambiwa kuna baraza kwenye uwanja wa shule, wananchi wasomewe rasimu watoe maoni. Nilimwambia dereva tutangulie mapema, kwa sababu sikutaka Shosho asikie habari ya shamba lake mbele ya umati. Njiani nilikuwa natafuta namna ya kumwambia mtu kwamba ardhi imejisemea na imesema vibaya.

Tulipofika, viazi vya ukingo mzima vilikuwa vimeshachoka. Majani ya njano, mashina mafupi, vikisubiri mvua isiyokuja. Nikapita katikati ya mistari nikielekea nyumbani kwake, na nilipokaribia ile kona nikasimama.

Kulikuwa na mstatili wa kijani. Urefu wa mtu, upana wa mtu. Viazi vilivyokuwa ndani yake vilisimama hadi juu ya goti langu, majani mapana, meusi kwa afya, na vingine bado vilikuwa na maua. Hatua moja nje ya mstatili, njano. Nilichuchumaa nikaanza kucheka peke yangu.

Shosho alitoka akanikuta hivyo. "Umeona mgomba wangu?" akasema. "Nilipanda viazi juu yake ili shamba isahau. Watu wanakuja kuangalia. Wanasema mzee ndiye anailisha."

"Shosho, naomba kuchimba."

"Hapo? Kufukua?" Alirudi nyuma hatua. "Unataka kuamsha kitu imeshalala?"

Nilimwelewa, na sikutaka kumlazimisha. Lakini pia nilijua kinachonisubiri Nakuru. Ningempigia kiongozi wetu nikamwambia habari ya mstatili huo, angesema mgomba unashika maji, na angekuwa na haki ya kusema hivyo. Nilihitaji kuona ukuta wa udongo mahali pasipo na mgomba. Basi tukakaa pale chini, wanawake wawili wenye vichwa vigumu, tukaanza kuelewana bei kama watu wa sokoni.

"Nikichimba pale kwenye ua wa miti, mbali na mzee?"

"Umbo gani?"

Sikuwa nimewahi kuulizwa swali hilo katika maisha yangu yote ya kazi. "Unataka umbo gani?"

Akafikiri. "Mviringo. Kama ya choo. Choo haijawahi kumwita mtu." Dereva aligeuka upande wa pili, mabega yakimtikisika. "Na jua lisitue kabla hamjafunika," akaendelea Shosho. "Na mimi nitakuwa nimesimama hapa."

Tukachimba mviringo. Dereva alivua shati la kazi akavaa lile la kuchimbia, kwa sababu yeye ana shati la kila jambo. Nilichagua mahali ambapo nusu ya shimo ingekuwa ndani ya shamba na nusu chini ya ua wa miti uliopandwa enzi za mzungu, mahali ambapo trekta halijawahi kupita. Hapo ndipo nilipotaka udongo ujibu.

Na ukajibu. Nilipoingia na kisu changu, upande wa shamba nililiona tabaka lile gumu, limelala chini ya udongo mweusi, unene wa vidole vichache tu. Halikuwa mwamba wala murramu. Ulikuwa ni udongo uleule, uliokandamizwa hadi ukawa kama chapati iliyosahaulika kwenye kikaango. Mizizi ya viazi ilishuka ikaligusa, ikakunja kona, ikatambaa juu yake bila kupata njia. Chini yake nilisukuma kisu kikazama hadi mpini. Udongo mwekundu, laini, wenye unyevu hata katika ukame ule, uliendelea kushuka kupita kimo changu, na sikuona mwisho wake. Nikageuka nikatazama upande wa ua. Chapati haikuwepo. Laini kutoka juu hadi chini, na mizizi imepita humo inavyotaka.

Tabaka lile lilikuwa kazi ya trekta. Huko juu trekta la kukodi huja siku linapopatikana, si siku unayolitaka, na mara nyingi linapatikana udongo ukiwa umelowa. Sahani za jembe lake hushuka kina kilekile kila mwaka, zikiponda palepale, tangu mashamba yale yalipokuwa ya ngano. Watu walikuwa wamejitengenezea sakafu chini ya viazi vyao bila kujua, na msimu wa mvua nzuri hata usingegundua. Ni kosa linaloweza kuvunjwa kwa meno ya chuma ya trekta, au kwa jembe la uma na subira, kama sururu za wale vijana zilivyokuwa zimelivunja chini ya mstatili wa kijani. Ardhi yenyewe ilikuwa nzuri, kati ya ardhi nzuri nilizowahi kusimama ndani yake.

Nililia mle shimoni. Sitaficha. Shosho aliinama juu yangu, uso wake mbele ya mawingu.

"Ni mbaya sana?"

"Ni nzuri, Shosho. Ni nzuri hadi chini."

"Mimi nilikuambia utaona," akasema, akaenda kupika chai.

Nilimpigia kiongozi wetu nikiwa bado na matope mikononi. Alinisikiliza, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayeona gharama za barabara na daraja jipya zikipita mbele ya macho yake: "Yaani nibadilishe ramani kwa sababu ya mgomba?"

"Kwa sababu ya sakafu ya trekta. Mgomba ulituonyesha mlango tu."

"Shimo moja halitoshi."

"Najua. Nitachimba mengi. Mviringo."

Kwenye baraza nilisimama nikasema rasimu isisomwe bado upande wa ukingo, kwamba mimi mwenyewe sikubaliani nayo, na nikaeleza sababu. Kulikuwa na minong'ono, halafu Shosho akainuka akasema shimo la mviringo halina neno, yeye ameshaliangalia likifunikwa na jua bado liko juu. Hilo ndilo lililonifungulia milango. Siku zilizofuata nilichimba shamba kwa shamba, na kila mahali nikaikuta sakafu ileile na chini yake udongo uleule mwekundu. Kila jioni wenye shamba walisimama kwenye ukingo wa shimo wakihakikisha tumefukia. Wengine walileta hata majembe yao kusaidia.

Ripoti ya mwisho iliandikwa upya. Ukingo wa viazi uliingia daraja la ardhi ya kulima, wenye kasoro inayorekebishika, na kifusi kikavushwa ng'ambo ya kijito, kwenye mteremko wa mawe. Kiongozi wetu aliitetea ramani mpya mbele ya wenye mradi kwa nguvu kuliko nilivyotarajia. Nadhani alianza kuupenda ule mgomba. Machimbo yenyewe bado yanazungumzwa, na mazungumzo ya namna hiyo hayana haraka. Lakini rangi ya kijivu ilitoka juu ya mzee wa Shosho, na nilipoona imetoka nilishusha pumzi niliyokuwa nimeishika tangu mvua ndefu.

Nilipanda Keringet mara moja zaidi, bila oga, nikiwa na ramani mpya tu kwenye bahasha. Nilitaka kumwonyesha mwenyewe. Nilimkuta shambani na wenzake wa chama, majembe ya uma mikononi, wakivunja ile sakafu mstari kwa mstari. Wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, wakiimba nyimbo za kanisani na kusengenya katikati ya beti. Wale waliokuwa wamemaliza walinionyesha vipande vya chapati ya udongo kama watu waliong'oa jino bovu.

Shosho aliikunjua ramani juu ya goti, akatafuta kona yake kwa kidole. Nilimwonyesha. Kisha akanishika mkono tena kama siku ile ya hasira, akanipeleka hadi kwenye msalaba.

"Siku tulimzika huyu," akasema, "vijana walivunja mipini hapa juu. Watu wakaanza kusema ardhi inamkataa. Niliyabeba hayo maneno miaka yote, sikuambia mtu." Alipangusa macho kwa mkono wa lile koti. "Kumbe ni trekta."

"Ni trekta, Shosho."

Akatazama upande wa kulia, pale ulipolala mgomba, kisha upande wa kushoto, ambako majani yalikuwa hayajaguswa. Akapima kwa macho, bila haraka, kama mtu anayechagua pa kuweka kitanda.

"Basi mimi mtanilaza upande huu mwingine," akasema. "Huyo mgomba ameshazoea, msimsumbue. Na hawa watoto hawatachoka kuchimba. Tutakuwa tumewalainishia."